Mlango, Daftari na Ghala

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya waandishi wa miswada, waongozaji, wahariri na wanafunzi wa filamu waliokutana kwa mafunzo ya siku mbili. Wenzetu kadhaa hawakuweza kufika, wakaomba niiweke yote. Nimeiacha kama ilivyosemwa, isipokuwa picha za ukutani.

Walimu wangu mliokaa huku mbele, wenzangu wa kazi, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: asanteni kwa kuja.

Nimekuja na kitu hiki mkononi. Mlio nyuma mnakiona? Ni diski ya kompyuta, ndogo, imevishwa soksi ya mtoto. Siku niliponunua diski hii haikuwa na mfuko, nikachukua soksi ya binti yangu, na hadi leo imekaa humo. Ndani yake mna filamu ya dakika 52. Nimeihariri kwa mikono yangu hii, usiku baada ya usiku. Leo hakuna hata mmoja wenu anayeweza kuitazama popote. Nami siruhusiwi kuwaonyesha. Nitawaeleza kwa nini, lakini si sasa hivi.

Mmeniomba nizungumzie kampuni kubwa za filamu na zile zinazotiririsha filamu mtandaoni, na jinsi zinavyoibadilisha burudani ya zama zetu. Wengi wakiligusa jambo hili huanza na swali la nani atashinda. Je, ni Netflix au Disney? Je, ni ukumbi wa sinema au simu ya mkononi? Swali hilo halininyimi usingizi. Washindi hubadilika, na waliokuwa miungu wa jana leo wanauzwa vipande vipande. Linaloninyima usingizi ni hili: kazi yako ikishatoka mikononi mwako, nani ameshika mlango inamopitia? Nani ameshika daftari la mapato yake? Na nani ameshika ufunguo wa ghala inamolala?

Tuanze na mlango.

Hollywood ya miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa na wakubwa watano: Paramount, MGM, Warner Bros., 20th Century-Fox na RKO. Hawa hawakutengeneza filamu tu. Walizisambaza wenyewe, kisha wakamiliki na kumbi za kuzionyeshea, hasa zile nzuri za katikati ya miji mikubwa. Sasa jiweke mahali pa mtu mwenye ukumbi wake mmoja, asiye mtoto wa yeyote kati ya hao watano. Unataka filamu moja yenye nyota anayependwa. Unaambiwa, sawa, lakini utachukua na hizi nyingine kwa furushi. Baadhi ni mbovu. Baadhi hazijatengenezwa bado, hujaona hata picha yake moja, na unatakiwa kutia saini leo. Ukikataa, huyo nyota unamsikia redioni tu.

Serikali ya Marekani ilifungua kesi mwaka 1938. Ilichukua miaka kumi. Miaka kumi, ndugu zangu! Mei 1948 Mahakama ya Juu ikaamua dhidi ya studio, uuzaji wa furushi ukapigwa marufuku, na wakubwa wale wakalazimika kuachana na kumbi zao. Mtengeneza filamu abaki mtengeneza filamu, mwenye ukumbi abaki mwenye ukumbi.

Kesi hiyo mtaisoma katika kila kitabu cha historia ya sinema. Ninayependa kumsimulia mimi ni mwanamke mmoja, Olivia de Havilland. Aliingia Warner Bros. akiwa binti wa miaka 18, na mwaka 1936 akatia saini mkataba mpya wa miaka saba. Siku hizo mwigizaji akikataa sehemu aliyopewa, studio ilimsimamisha bila mshahara, kisha siku zile za kusimamishwa zikaongezwa mwishoni mwa mkataba. Yaani adhabu unaitumikia mara mbili. De Havilland alikataa sehemu ambazo aliziona hazimfai, akasimamishwa, na mwaka 1943, miaka saba ilipotimia, akaambiwa bado anadaiwa miezi sita. Akaenda mahakamani. Kila studio ikapata barua kutoka Warner, na kwa karibu miaka miwili hakuna aliyempa kazi. Fikirieni mwigizaji aliye katika ubora wake, ameketi nyumbani, simu haiiti. Desemba 1944 mahakama ya rufaa ya California ikasema miaka saba ni miaka saba ya kalenda. Kanuni hiyo mpaka leo huitwa kwa jina lake, na waimbaji nao wameikimbilia walipobanwa na kampuni za muziki. Yeye akarudi kazini na kuchukua tuzo mbili za Oscar ndani ya miaka michache.

De Havilland alifariki jijini Paris tarehe 26 Julai 2020, akiwa na miaka 104. Haikupita hata wiki mbili, tarehe 7 Agosti, jaji wa New York akakubali ombi la serikali la kuzifuta zile amri zilizotokana na kesi ya 1948. Sababu iliyotolewa ni kwamba soko limebadilika, hakuna tena studio inayoweza kuubana mlango kama zamani. Tarehe hizo mbili nimeziandika katika ukurasa mmoja wa shajara yangu, na kila nikizisoma moyo unanisinyaa.

Kwa sababu mlango gani ulikuwa unatumika mwaka huo? Kumbi zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona. Watu wako majumbani. Disney ilikuwa imekwisha inunua Pixar mwaka 2006, Marvel mwaka 2009, Lucasfilm mwaka 2012, na mwaka 2019 ikanunua sehemu kubwa ya 21st Century Fox kwa dola bilioni 71. Novemba mwaka huo huo ikafungua mlango wake, Disney+. Anayetengeneza ni yeye, anayesambaza ni yeye, na ukumbi, ambao sasa umo sebuleni mwa mtazamaji, ni wake. Netflix ni hivyo hivyo. Amazon nayo ikainunua MGM mwaka 2022 kwa dola bilioni 8.45. MGM ile ile, mmoja wa wale watano! Nawauliza: kilichokatazwa mwaka 1948 kilikuwa nini hasa?

Na mlango wenye mmoja huweza kufungwa na mmoja. Januari 2024 Amazon Prime Video ilitangaza kuacha kugharimia kazi mpya Afrika na Mashariki ya Kati, ili ielekeze nguvu Ulaya. Ni uamuzi wa kibiashara, na kampuni ina haki nao. Lakini kuna mtu aliyekuwa na mswada mezani, waigizaji wameshapatikana, na kazi yake ikafia katika kikao ambacho hakualikwa.

Sasa daftari. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapoumia bila kujua tunaumia wapi.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Zamani daftari lilionekana. Tiketi zilihesabiwa mlangoni, Jumatatu magazeti yanatangaza filamu imeingiza kiasi gani. Kanda za video na DVD zilihesabiwa dukani. Hesabu ziliweza kuchezewa, tena zilichezewa sana, ila kulikuwa na kitu cha kuhesabu.

Mwaka 1960 waandishi na waigizaji wa Hollywood waligoma kwa pamoja. Televisheni ilikuwa imeanza kuonyesha filamu za sinema, studio zinalipwa upya, na aliyeiandika na aliyeicheza hapati kitu. Mgomo ule ukawapatia malipo ya marudio: kazi yako ikionyeshwa tena, nawe unapata chako. Nawaomba msiyachukulie malipo hayo kama zawadi. Mwigizaji wa kawaida hafanyi kazi mwaka mzima. Hundi hizo ndizo zinazolipa kodi ya nyumba katika miezi ya ukame, na ndizo zinazomfanya abaki katika fani hadi sehemu nyingine ipatikane.

Kisha ikaja Netflix. Habari ya mwanzo wake mnaijua: ilianzishwa California mwaka 1997, DVD zikatumwa kwa posta ndani ya bahasha nyekundu, mwaka 2000 Blockbuster, kampuni ya maduka ya kukodisha filamu, ikaombwa iinunue kwa dola milioni 50 ikakataa, na miaka kumi baadaye Blockbuster ikafilisika. Kisa hicho husimuliwa ili kuwacheka waliokataa. Tusipoteze muda nacho. Lililo muhimu lilitokea mwaka 2007, ilipoanza kutiririsha, na mwaka 2013 ilipoachia msimu mzima wa mfululizo wake kwa siku moja. Tangu hapo hakuna tiketi wala kanda. Mtazamaji analipa kwa mwezi, na pesa yake haina jina la filamu yoyote. Kampuni inajua umesimamisha dakika ya ngapi, umerudia tukio lipi, umelala saa ngapi. Aliyeandika tukio hilo hajui hata kama lilitazamwa.

Nitawapa mfano mmoja. Mwongozaji wa Korea Kusini, Hwang Dong-hyuk, alianza kuandika hadithi yake karibu mwaka 2008. Kwake hali ilikuwa ngumu kiasi kwamba kuna wakati aliuza kompyuta yake ya mkononi ili apate pesa ya matumizi. Tazameni hapo: mwandishi anauza kifaa anachoandikia. Kwa miaka kama kumi kila aliyesomewa hadithi ile aliikataa, wanasema inatisha mno, haiaminiki. Netflix ndiyo iliyoikubali, na haki yake lazima tuipe. Bila mlango ule huenda mfululizo huo, Squid Game, usingetengenezwa. Hwang alisema kazi ilimchosha hadi akapoteza meno sita.

Septemba 2021 ikatoka. Ndani ya siku 28 za kwanza watu waliitazama kwa saa bilioni 1.65. Shirika la habari la Bloomberg likapata nyaraka za ndani: gharama yake ilikuwa dola milioni 21.4, na kampuni yenyewe ilikadiria thamani iliyoipata kuwa karibu dola milioni 900. Hwang je? Alipoulizwa na gazeti moja kama sasa ni tajiri, alisema anazo za kutosha kuweka chakula mezani, na kwamba amelipwa kulingana na mkataba wake wa awali. Haki za kazi zilikuwa za kampuni.

Sisemi aliibiwa. Alitia saini akiwa mtu mzima, na baadaye alipata mikataba mingine. Ninachowaomba mkione ni hiki: zile nyaraka tunazijua kwa sababu zilivuja. Zisingevuja, sote tungekuwa tunasema tu "iliangaliwa sana". Iliangaliwa sana ni kiasi gani? Huwezi kudai nyongeza juu ya "sana".

Hata kazi za zamani yamezikuta hayo. Mwaka 2023 mfululizo wa kisheria uitwao Suits, uliokuwa umekwisha miaka minne nyuma, ulivunja rekodi Marekani ulipowekwa mtandaoni: dakika bilioni 57.7 kwa mwaka, kwa hesabu za Nielsen, kampuni inayopima utazamaji. Mmoja wa waandishi wake akaeleza hadharani kwamba malipo ya marudio ya kipindi alichokiandika, kwa miezi mitatu, yalikuwa chini ya dola 260. Mwaka huo huo waigizaji walikuwa wakiweka mtandaoni picha za hundi zao. Nyingine zilikuwa za senti. Hundi ambayo bahasha na stempu yake vina thamani kuliko kilichoandikwa juu yake. Nikiwa mezani pangu nilizikuza picha zile, nikasoma tarakimu moja moja, kwa sababu sikuamini.

Ndiyo maana Mei 2, 2023 waandishi waliweka kalamu chini. Siku 148. Julai waigizaji wakawafuata, siku 118, na kwa mara ya kwanza tangu 1960 vyama hivyo viwili vikawa barabarani wakati mmoja. Magazeti yaliandika zaidi kuhusu akili mnemba, nalo lilikuwa dai zito. Lakini someni makubaliano ya waandishi mpaka mwisho. Mle ndani kuna kipengele kwamba kampuni zitakipa chama, kwa siri, jumla ya saa ambazo kila kazi mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mtandao imetazamwa, na kazi ikifikiwa na asilimia 20 ya wateja wa nchini ndani ya siku 90 za kwanza, waandishi wanaongezewa. Mnaona? Waligombania daftari! Desemba mwaka huo Netflix ikachapisha kwa mara ya kwanza orodha ndefu ya kazi zaidi ya 18,000 na saa zilizotazamwa katika nusu ya kwanza ya mwaka. Miaka kumi na sita baada ya kuanza kutiririsha.

Nisikilizeni katika hili, hasa ninyi wahariri, maana sisi hujiona kazi yetu inaishia mezani. Ukikaa kujadili bei na mtu anayejua hesabu nawe huzijui, hapo hakuna majadiliano.

La tatu ni ghala.

Filamu za mwanzo zilichapwa juu ya utepe wa naitreti, kitu kinachowaka kama baruti. Julai 9, 1937, wakati wa joto kali, ghala la Fox lililoko Little Ferry, New Jersey, liliungua. Kijana mmoja alipoteza maisha. Nyingi kati ya filamu za kimya za studio ile zikateketea. Theda Bara, aliyekuwa mmoja wa nyota wakubwa wa zama zake, alicheza filamu zaidi ya 40, na zilizosalia kamili leo unazihesabu kwa vidole vya mikono. Tena moto haukuwa adui pekee. Studio zenyewe zilikuwa zikiyeyusha filamu za kimya ili kupata madini ya fedha yaliyomo, kwa kuwa sauti ilikuwa imeingia na hakuna aliyeona faida ya kuzihifadhi. Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha utafiti mwaka 2013: asilimia 70 ya filamu ndefu za kimya za Marekani zimepotea.

Tunasikitika na kusema, wale hawakujua. Sisi je?

Agosti 2022 Warner Bros. Discovery iliamua kutoitoa kabisa Batgirl, filamu iliyogharimu kama dola milioni 90 na iliyokuwa tayari kwenye uhariri, na gharama yake ikaingizwa kwenye hesabu za kodi kama hasara. Waongozaji wake, Adil El Arbi na Bilall Fallah, wamesimulia walivyopata habari. Mmoja alimpigia mwenzake: ingia kwenye seva, washa simu yako, rekodi chochote unachoweza kutoka kwenye skrini. Mwenzake akajaribu kuingia. Kila kitu kilikuwa kimeondolewa. Nimekaa mbele ya meza ya uhariri zaidi ya nusu ya maisha yangu, na najua folda inavyoonekana ikiwa tupu. Weupe ule wa kioo. Unabonyeza tena, ukidhani mtandao ndio unasumbua.

Mei 2023 Disney+ nayo iliondoa kazi kadhaa kwa mkupuo. Mojawapo ilikuwa mfululizo ulioanza kuonyeshwa Novemba 2022. Haukupata hata mwaka mmoja. Moto wa mwaka 1937 ulikuwa ajali. Huu wa sasa unaamuliwa mezani, watu wakiwa na kahawa zao.

Basi, soksi hii.

Filamu iliyomo inamhusu fundi saa mzee. Aliyecheza hakuwa mwigizaji wa kazi hiyo. Alikuwa fundi saa kweli. Kuna mahali anashika saa ndogo ya mkononi, anaiweka sikioni, anafumba macho, na kwa sekunde arobaini hakuna kinachotokea ila uso wake ukisikiliza. Nilishauriwa nizikate sekunde zile. Nikakataa. Katika kazi zangu zote, sekunde hizo arobaini ndizo ninazoziamini zaidi.

Kampuni moja ya kutiririsha, sitaitaja, ikaichukua. Nilifurahi nikatia saini siku hiyo hiyo. Ilionyeshwa kama miezi kumi na nne, kisha asubuhi moja nikaitafuta kwa jina, sikuiona. Nikatafuta kwa jina langu. Sikuiona. Nikaandika barua pepe, nikajibiwa mistari miwili: kazi hiyo haimo tena katika orodha yetu, asante kwa ushirikiano.

Mwaka jana yule mzee alifariki. Binti yake akanipigia simu. Aliomba jambo moja tu, waitazame familia nzima pamoja, wamwone baba akisikiliza saa. Diski ninayo, iko kwenye droo, hatua tano kutoka niliposimama na simu. Nikafungua mkataba kabla ya kumjibu. Ulisema nimeikabidhi kampuni haki zote za kuonyesha, pamoja na maonyesho yasiyo ya biashara, ulimwengu mzima, milele, kwa njia zote zinazojulikana na zitakazobuniwa baadaye. Niliomba ruhusa. Nilijibiwa baada ya wiki saba. Walikataa, na msiba ulikuwa umekwisha anuliwa zamani.

Nisingependa mtoke hapa mkidhani nawaambia msiuze. Uzeni! Milango ile imewafikisha watu mbali kuliko ukumbi wowote ulivyowahi kuwafikisha, na Hwang ni shahidi. Ila kuna maneno machache ya kuomba kabla ya saini, na mengi hayagharimu kampuni kitu. Haki zirudi kwako baada ya miaka kadhaa. Kazi ikiondolewa, haki zirudi mapema zaidi. Upewe idadi ya waliotazama kila baada ya miezi mitatu. Ubaki na nakala kamili yenye ubora wa mwisho, pamoja na ruhusa ya kuionyesha bila malipo kwa walioicheza na familia zao. Haya si madai makubwa. De Havilland aligombania miezi sita tu.

Nimekuja na nakala za mkataba wangu ule, jina la kampuni nimelifuta kwa wino mweusi. Zipitisheni, watatu watatu msome pamoja. Fungueni ukurasa wa 11, kifungu cha nne. Chukueni kalamu. Tunaanza na neno "milele".